Picha Bila Daftari: Mada juu ya Zana za Kidijitali na Tarikhi ya Ituri



Nimeagizwa kueleza zana za kidijitali ni nini na zinamfaaje mtafiti wa tarikhi, nami nitalitimiza agizo hilo kwa ufupi, maadamu hakuna katika ukumbi huu asiyejua kwamba hati hupigwa picha na kuhifadhiwa katika kompyuta, kwamba ziko programu za kusoma maandishi ya taipu na hata ya mkono, kwamba sauti ya mzee hurekodiwa kwa simu, na kwamba ramani ya kale hulazwa juu ya picha ya satelaiti ili mabadiliko ya nchi yadhihirike. Manufaa ya hayo yote yanajulikana. Amma jambo linalonishughulisha ni moja tu, na Mwenyekiti akiniwia radhi, ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya wasaa niliopewa.

Karatasi za utawala wa nchi hii zimepita katika misukosuko mingi. Ituri ilikuwa wilaya ya Kongo zama za Wabelgiji, ikawa jimbo la Kibali-Ituri mwaka 1962, ikarudishwa kuwa wilaya, kisha ikawa jimbo tena mwaka 2015. Na kila mabadiliko hayo yalipotokea, dosie zilihamishwa, zikagawanywa, au zikaachwa katika vyumba visivyo na mwenyewe, mpaka vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 vikaja na uporaji wake. Kwa hiyo mtu aokotaye bunda lililosalimika, akatoa simu yake na kulipiga picha, anastahili shukrani. Lakini aghalabu hupiga ukurasa uliompendeza, akaacha jalada, akaacha barua iliyotangulia na jibu lililofuata, wala haandiki popote kwamba bunda lilikuwa katika ofisi gani. Mashini huipa picha ile namba yake yenyewe, picha husafiri kwa WhatsApp kutoka mkono hadi mkono, na baada ya muda si mrefu huwa kama mtoto aliyeokotwa sokoni asiyejua kwao ni wapi.

Huenda mtu akasema hilo ni kosa la uandishi tu, la kusahihishwa kwa upole. Mahali pengine labda, kwetu sivyo. Mapigano ya mwaka 1999 yalianza katika sekta ya Walendu-Pitsi, katika teritori ya Djugu, kwa mzozo wa mashamba makubwa, na hoja za pande zote mbili zilishikamana na hati: nani alipewa, kwa sheria gani, na mipaka ya nani ilivukwa. Mipaka ya machifu na sekta zetu ilichorwa na watawala wa kikoloni waliotaka kila kabila liwe na eneo lake, na mpaka uliochorwa katika taarifa moja huweza kubatilishwa na barua iliyo kurasa mbili mbele katika dosie iyo hiyo. Mwenye ukurasa wa kwanza peke yake hudhani amepata hoja isiyopingika, akaionyesha mkutanoni, ilhali kurasa zinazompinga zimelala sandukuni. Sisemi hati zifichwe, wala sina mamlaka ya kumzuia mtu, kwani nchi ina sheria ya kumbukumbu tangu tarehe 11 Julai 1978 na wako waliokabidhiwa kuisimamia. Nasema tu, na nimelisema katika vikao vingi hata wenzangu wanalijua kwa moyo, kwamba hati iliyotengwa na dosie yake hudanganya pasipo kutiwa neno la uongo.

Kwamba kazi hii huweza kufanywa vizuri, ushahidi upo katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani, tarikhi ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 alimpa msaidizi wake Kalundi Mango aisome kwa sauti, maana maneno yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo jicho peke yake lisingeifumbua. Kisha akaweka pamoja maandishi ya asili, usomaji ule na tafsiri. Baadaye maandishi hayo yaliwekwa kwenye intaneti, na asomaye anaona kila hatua iliyopitiwa.

Lakini ugonjwa wa kuitenga hati na dosie yake umefika hata katika kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Katika hukumu ya Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wapiganaji hapa Ituri, ya tarehe 14 Machi 2012, majaji walimtia hatiani, lakini waliacha kutegemea ushahidi wa baadhi ya mashahidi, wakiona kwamba huenda watu wa kati waliwashawishi kusema yasiyokuwa. Mwanafunzi atafutaye neno moja katika kompyuta, akanakili ushahidi bila kuufuata mpaka hukumuni, atawapelekea watu wa Bunia hapa Ituri habari ambayo mahakama yenyewe iliiweka kando.

Mapendekezo yangu ni haya. Daftari litangulie picha: liandikwe jina la ofisi, bunda, nafasi ya karatasi katika bunda, tarehe, aliyepiga, na mahali iliposalia asili. Dosie ipigwe nzima, tangu jalada hadi migongo mitupu. Mahali penye majina mawili paandikwe yote mawili, pamoja na jinsi hati ilivyopaandika. Sauti ya shahidi isitolewe hadharani bila ridhaa yake iliyoeleweka, na Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 isomwe kabla ya kurekodi, wala si baada yake. Mtafiti mgeni aache nakala hapa kabla hajaenda uwanja wa ndege, na nakala hiyo iwe na daftari lake, kwani nakala bila daftari nimekwisha kuisema. Wafadhili wakijaliwa kutusaidia, walipe kwanza mshahara wa karani, ndipo wanunue mashini, kwa kuwa mashini tunazo na makarani hatuna. Hati za mipaka zisionyeshwe ukurasa mmoja mmoja. Na daftari, narudia, litangulie picha.

Wenye picha za hati katika simu zao, nao humu ni wengi, nawasihi wasitawanyike kabla ya kuandika kila moja imetoka ofisi gani na ni nani anayeihifadhi asili yake.