Tushukuru Tukiwa Bado Safarini

 

Tukiulizwa habari asubuhi, wengi wetu hujibu, "Tunashukuru Mungu." Mara nyingine ni mdomo tu unaosema. Lakini neno hilo lina kazi kubwa: linatusaidia tusiache safari katikati.

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa meli. Dhoruba imewapiga siku 14. Watu wamekata tamaa, hata chakula hawali. Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Basi wote wakapata moyo, wakala nao. Walikuwa watu 276. Je, dhoruba ilikuwa imekwisha? Hata kidogo! Meli ilivunjika baadaye, lakini kila mtu alifika nchi kavu, kisiwa cha Malta. Paulo alishukuru kabla ya kufika, tena wengine wakimsikia.

Kwetu Wakatoliki jambo hili si geni. Neno Ekaristi limetoka kwa Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Basi tukitoka Misa, shukrani isibaki kanisani.

Tuangalie vikundi vyetu. Kuna mama anayebeba maji kila jioni kumwagilia kitalu cha miti. Siku ya mkutano anasikia neno moja tu: "Mbona miche 12 imekauka?" Hakuna anayetaja miche 200 iliyo hai. Mama huyo atavumilia mara ngapi? Kikundi hakivunjwi na ukame peke yake. Huvunjika pia watu wanapochoka rohoni, mmoja mmoja, kimya kimya. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Jamani, kikundi kisiwe punda!

Lakini tusidanganyane. Kushukuru si kufunika makosa. Pesa zikikosekana, mweka hazina aulizwe na vitabu vifunguliwe. Mwenye msiba naye tumpe pole kwanza, tusimlazimishe kusema mambo ni mazuri. Hata Paulo hakusema kwamba hakuna dhoruba.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kuanza ajenda, wanachama wawili au watatu wamshukuru mwenzao, wakitaja jina lake na kazi aliyofanya. Katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano. Nyumbani, baba amshukuru mama kwa ugali, mama amshukuru baba, na mtoto aliyeleta kuni asikie asante. Jioni, kabla ya kulala, tumtajie Mungu jambo moja jema la siku hiyo, hata kama shamba limekauka.

Anayesikia asante leo, kesho atashika jembe tena. Na anayeisema huanza kuona kwamba Mungu hajamwacha njiani.