Sitara na Amana ya Mtoto

 

Ndugu Waislamu, dini yetu yatufundisha kumsitiri Mwislamu mwenzetu. Leo twataka kulitazama neno hilo mahali ambapo mara nyingi hutumiwa vibaya, napo ni mlangoni pa zahanati.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Mtoto wa miaka mitano aletwa kwa mtumbwi siku ya tatu baada ya kuumia. Yasemwa kwamba ameanguka kutoka dunguni, huko shambani ambako jamaa walikuwa wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Tabibu asikiliza, kisha amvua mtoto shati. Mtoto aangukaye huchubuka zaidi goti, kiwiko au kipaji. Huyu ana alama mgongoni na mapajani, nyingine mbichi, nyingine zimekwisha kugeuka manjano. Na aguswapo halii, bali humtazama mzazi wake. Mzazi naye, kwa sauti ya chini, asema: "Daktari, tusitiri."

Tusimlaumu upesi tabibu anayesita. Yeye hukaa kijijini humo humo, husimama safu moja ya Swala na baba wa mtoto, na samaki hununua kwake. Ahofu pia kwamba akina mama wakisikia amepeleka habari, hawatawaleta tena watoto wao, na hofu hiyo si ya bure. Hata katika hospitali kubwa za Marekani, zenye eksirei, madaktari waliona mifupa iliyovunjika zaidi ya mara moja wakapendelea kuamini hadithi ya kuanguka, mpaka mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake walipoandika waziwazi kwamba baadhi ya watoto hao wamepigwa na walezi wao.

Lakini sitara ni ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake. Haikuwekwa juu ya mgongo wa mtoto. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, nayo yamwajibisha kila mwanajamii, si tabibu peke yake, ajuaye kwamba haki ya mtoto yavunjwa, atoe taarifa kwa serikali ya mitaa ya mahali hapo. Chamtaja pia mzazi awezaye kumpa mtoto chakula, nguo na matibabu, naye akakataa au akapuuza. Tuzingatie neno hilo, awezaye. Mjane wa Kibiti ambaye mafuriko ya mwaka 2024 yalichukua mpunga wake, mtoto wake akakonda, hana kesi ya kujibu. Ana haki katika zaka zetu. Tabibu hutenganisha mambo hayo mawili kwa kuuliza, kumpima mtoto uzito na kumpima tena mwezi ufuatao, wala si kwa kukisia.

Basi tabibu atibu kwanza, aandike alichokiona kama alivyokiona, kisha ampe habari afisa mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Sisi tuliomo msikitini tusiulizane barazani ni nani aliyesema. Na mwenye chombo akiombwa kumvusha mtoto huyo hadi Nyamisati, maji yakijaa aondoke, asingoje abiria wa kutosha.