Boma, Kanisa na Kaburi: Safari ya Migori na Homa Bay

Leo tuko Migori na Homa Bay. Katika filamu za Marekani umeona marehemu akipelekwa kwenye nyumba ya kampuni ya mazishi, watu wakapita kumuaga, kisha akazikwa makaburini mjini. Kwa Waluo wa Nyanza Kusini, mochari ni kituo tu njiani. Safari inaishia bomani, na mwenye boma hulazwa kando ya nyumba aliyoijenga. Kwa hiyo ukitaka kuzisimulia nyumba za kale za upande huu, huna budi kuyataja na makaburi.

Tuanzie Nyatike, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Huko ndiko iliko Thimlich Ohinga, mkusanyiko wa maboma ya mawe ambayo wataalamu wanakadiria yalianza kujengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.2, na hazikutiwa saruji wala udongo. Fundi alipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, akashindilia mawe madogo katikati, uzito wa jiwe moja ukishika jingine. Milango iliachwa mifupi makusudi: anayeingia ni lazima ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ng'ombe walilala ndani, pamoja na wenyewe.

Boma kubwa kuliko yote linaitwa Kochieng. Mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Mimi huwastahi zaidi wale waliokuja baada ya wajenzi. Jamii za lugha mbalimbali zilipokezana mahali pale kwa vizazi, na kila iliyoingia ilirudishia mawe yaliyoanguka. Bila wakarabati hao, ambao hakuna aliyeandika majina yao, UNESCO isingekuwa na cha kuorodhesha mwaka 2018 ilipoitangaza Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia.

Hatimaye watu walihama mawe, wakazungushia maboma yao ua wa minyaa. Mpangilio lakini haukuachwa: nyumba ya mke wa kwanza inatazama lango, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango hilo. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, aliyaandika mambo haya kwa Kiluo katika kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi cha mwaka 1938. Na mzee akifa, ng'ombe huswagwa kwa vishindo na nyimbo za vita kukifukuza kifo. Hiyo ndiyo tero buru.

Wamisionari walikuta utaratibu huo umesimama. Mwaka 1906 Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Kila mara hutajwa Arthur Carscallen, Mkanada aliyeandika pia sarufi ya Kiluo. Ninasisitiza tumtaje na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, aliyefika naye. Gendia ikapata mtambo wa kuchapia vitabu, na Kendu ikapata hospitali.

Miaka ya 1960 kanisa lingine likazaliwa na wenyeji wenyewe: Legio Maria. Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliwavuta maelfu kutoka Ukatoliki, ila Kilatini cha misa hawakukiacha. Ondeto alifariki mwaka 1991, akazikwa kwenye kilima cha Got Kwer, Migori. Waumini hupanda huko kuhiji, na kilima kile kimekuwa kwao makao, kanisa na kaburi kwa pamoja.

Uzito wa kuzikwa nyumbani Kenya nzima iliuona mahakamani. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa mumewe ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, ukoo uliposhinda. Naelewa hoja ya ukoo, ila sijawahi kuridhika kwamba sauti ya mke aliyeishi na marehemu ilipewa uzito mdogo hivyo.

Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38, hakubishaniwa. Alirudishwa kisiwani Rusinga, Homa Bay, msafara ukipita katikati ya umati uliojaa uchungu na hasira. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi, na ndani mna picha na vitu alivyotumia. Miaka kumi kabla, mwaka 1959, alikuwa amefanikisha ndege ya kwanza iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kusoma. Kaburi liko kwenye ardhi ya familia, si katika bustani ya serikali, na anayelizuru anaingia boma la watu. Bisha hodi, salimia wenyewe kwanza, ndipo uombe kuonyeshwa.