Muulize Kwanza Kama Kwake Kunanyesha

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa chama, Baraka, mwezi wa saba 2025



Kamati iliniomba niseme juu ya matumizi mazuri ya simu. Hiyo ni kazi kubwa, inaweza kutufikisha jioni, na mimi naona wamama wameshaweka sombe kwenye moto. Nitasema kipande kimoja tu: kuongea na watu tusiowajua ndani ya simu. Mutu hujamwona hata siku moja, lakini kila usiku unaongea naye siasa, mvua, bei ya mafuta, nani amefika wapi. Nimechagua hicho kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu wengine wenu hapa ndio mlililipa.

Mnakumbuka mwezi wa pili mwaka huu. Goma ilikuwa imeanguka mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Kule Uvira watu walikuwa wanavuka Ruzizi kwa makumi ya maelfu kuingia Burundi, wengine wanagombania boti. Hapa Baraka hakuna aliyelala, kila mutu macho kwenye simu. Mimi nilikuwa ndani ya makundi saba ya WhatsApp. Moja lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, na katika hao niliowajua kwa sura hawakufika hata arobaini.

Usiku mmoja, karibu saa tatu, mutu mmoja akaandika: wako Mboko, wanakuja na barabara, watu wa Baraka jiokoeni. Hakukuwa na jina, kulikuwa na picha ya simba. Namba yake ilianza na 243, nikasema huyu ni wa kwetu. Nikanakili yale maneno, nikayaweka kwenye kundi la chama chetu, nikaongeza ya kwangu: "Ndugu zangu, tuwe macho." Haikuchukua hata muda wa kuwasha kiberiti.

Angalieni kitu kidogo hapa. WhatsApp inaweka mishale miwili juu ya ujumbe ambao umepita kwenye mikono mingi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka kwa mutu mmoja ao kundi moja tu kwa mara moja. Wameweka hivyo ili utembee polepole. Lakini mimi sikupeleka mbele, nilinakili. Mishale ikapotea. Kwenye simu zenu yale yakawa maneno yangu mimi, mtoto wa mahali hapa, mwenye jile la shirika.

Usiku ule watu walipanda mitumbwi. Mama mmoja wa chama chetu, ana watoto watano, aliingia mtumbwi wa jirani wakavuka upande wa Ubwari. Walilala kwenye mchanga. Na hakuna mutu aliyefika Mboko usiku ule, wala kesho yake. Yeye alikaa huko siku kumi na tisa kwa sababu kila siku simu ilimwambia bado. Aliporudi, mlango haukuwapo. Mbuzi wawili hawakuwapo. Manjanja yote kumi na manne yalikuwa yameng'olewa, na ilikuwa bado majira ya mvua, basi matofali mabichi yakanywa maji, ukuta wa upande wa ziwa ukalala chini.

Yale manjanja yalitoka kwenye sanduku la chama hiki. Ni mchango wenu wa kila mwezi, na nusu nyingine ni ya wafadhili ambao wengine wamekaa hapa mbele.

Mama alikuja nyumbani kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akasema: "Mwana wangu, mimi nilikimbia juu yako. Wengine walikuwa wanasema tangu asubuhi, mimi nilikuwa napika. Nilipoona jina lako nikasema huyu ni mutu wa shirika, huyu hawezi kusema bongo." Nikamjibu kwamba sikusema mimi, nilipitisha tu. Akaniuliza: "Aliyekuambia ni nani?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijui ile picha ya simba ilikuwa nani.

Nimeliwaza sana hilo swali. Sisi tuliokaa kambini tulikuwa tunajua kuliuliza. Mimi nilivuka ziwa mwaka 1996 mgongoni mwa mama, nikakulia Lugufu, na ndiyo maana hata leo mnanicheka juu ya Kiswahili changu cha Kigoma. Wakati ule habari za nyumbani zilikuwa chache, kwa hiyo zilichunguzwa kama mchele. Kulikuwa na radio: tulisikiliza Kiswahili cha London, na baada ya 2002 wenye radio nzuri walitafuta Okapi. Kulikuwa na zile barua za Msalaba Mwekundu, ukurasa mmoja, habari za familia tu. Na kulikuwa na mutu aliyetoka huku. Huyo hakuaminiwa bure. Wazee walimkalisha chini wakamuuliza: ulipita daraja la Mutambala ao ulivuka kwa miguu? Mwembe ule wa karibu na kanisa bado uko? Ndagala wanauzwa ngapi? Akikosa kwenye mwembe, siasa yake hakuna aliyeisikiliza. Meli za kurudisha watu kutoka Kigoma zilipoanza mwaka 2005, baba yangu alikaa karibu miaka mitatu akiuliza maswali ya miembe kabla ya kuandikisha jina.

Sasa habari zimekuwa nyingi, na maswali yameisha. Ni ajabu kidogo.

Lakini hayajaisha kwa kila mutu. Iko mzee wetu mmoja, mvuvi, amekaa kule nyuma na hapendi nimtaje. Yuko ndani ya kundi la wavuvi wa pande mbili za ziwa, Wakongomani na Watanzania, na wengi hawajawahi kuonana. Siku moja mwezi uliopita mutu mgeni aliandika kwamba yuko Kazimia na risasi zinalia. Watu wakaanza kuandika Mungu wangu, Mungu wangu. Mzee akamwandikia: "Pole ndugu. Huko upepo uko namna gani?" Sasa mnajua siku ile upepo wa kusini ulikuwa unapiga tangu alfajiri, hakuna boti iliyotoka. Yule akajibu: "Kumetulia, hakuna upepo." Mzee akaweka simu mfukoni akaendelea kushona wavu wake.

Nilicheka aliponisimulia. Halafu nikamwuliza kama yule alikuwa adui. Akasema hapana. Baada ya siku mbili yule mutu mwenyewe alieleza kwamba yuko nchi ya mbali kabisa, kuna ndugu yake alimpigia akilia, naye akaandika "niko Kazimia" kwa sababu moyo wake ulikuwa Kazimia. Hili nataka tulishike vizuri. Wengi wa hawa tusiowajua si waongo. Wako mbali na wanaogopa, na mwenye kuogopa anaongea kama ameona.

Kwa hiyo mimi nimejifunza kwa mzee. Mutu akiniambia yuko mahali fulani, naanza na hewa. Kunanyesha? Barabara inapitika? Mto umejaa? Ni mazungumzo ya kawaida, hayamkasirishi mutu, hata sisi tukikutana njiani tunaanza hapo. Kisha nampigia mutu wangu wa upande ule: kwako kunanyesha? Hiyo haitoshi kila mara, maana mjanja naye anaweza kupiga simu akauliza. Na kama mutu kweli yuko chini ya risasi usimkalishe na maswali kumi. Lakini swali moja la mvua lingetosha kuniokoa mimi mwezi wa pili. Jioni ile hapa kwetu mvua ilikuwa kubwa. Mwenye simba ningemwuliza tu.

Na msidhani hewa ni maneno ya kupitisha muda. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia ndani ya Uvira, ukaua watu na kuacha maelfu bila nyumba. Kalehe, mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi zilipotea kwa maji ya jioni moja, watu zaidi ya mia nne wakafa. Mutu usiyemjua akiandika kutoka mlimani kwamba mvua ya huku si ya kawaida, usimpuuze kwa sababu humjui. Piga simu kwa mutu mwingine wa mlimani. Wavuvi wetu wanaijua faida hii: iko mutu wa upande wa Kigoma anayeandika kila alfajiri upepo ulivyo, hakuna hapa aliyeona uso wake, na kuna siku boti zetu zilibaki ufukweni juu ya maneno yake. Akinyamaza siku mbili wanamtafuta kama ndugu.

Siasa ni ngumu zaidi, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu ya masikio. Ndani ya makundi yetu kuna watu wako Ulaya, wako Amerika, wanakula vizuri na Mungu awabariki, wanatuma odio za dakika nane za kutukana kabila fulani. Anayezima simu na kulala ni yeye. Sisi ndio tunaamka na jirani yule yule kwenye soko lile lile. Na ile odio inabaki ndani ya simu yako. Ukifika kwenye bariyeri, mwenye bunduki akasema leta simu, hataniuliza mimi kama uliisikiliza ao hapana. Kuna vijana wetu wamepigwa juu ya odio ambazo hawakuzifungua. Na sheria nayo iko: Code ya nimeriki ya 2023 inampa kifungo anayeanzisha habari ya uongo juu ya mutu na anayeipitisha pia. Futeni, wamama. Kila kabla ya safari, futeni.

Lakini sisemi tusiongee siasa na wageni. Mimi nina mutu mmoja wa Milima Mirefu, wa kabila ambalo mnalijua, tulianza kwa kutukanana kabisa kuhusu nani alichoma kijiji gani. Siku moja katikati ya matusi akaandika kwamba mvua imechelewa na majani ya ng'ombe yamekauka. Mimi nikaandika kwamba na huku muhogo umesimama. Tumeendelea tangu hapo, karibu mwaka sasa. Juu ya siasa hatukubaliani, na juu ya ile vijiji ana hesabu yake na mimi nina yangu. Ila aliponiambia mwezi wa tano kwamba njia ya juu imefungwa, nilimwamini, na ilikuwa kweli.

Kitu cha mwisho ni pesa. Anayekuandikia kwamba ana nafasi ya kukupeleka Canada, utume dola hamsini za kuandikisha, huyo ni mwizi, hata akiweka alama ya HCR ya bluu. Huduma za HCR hazilipiwi. Nimeshasema hivyo mara ngapi, na mwezi uliopita mwalimu mzima alituma.

Kwa wafadhili, niruhusuni neno moja, na siyo la kulalamika. Nyinyi pia ni watu tusiowaona, mnatuandikia usiku: hali iko namna gani? Tunajibu haraka kwa sababu tunawaheshimu, na jibu la haraka linaingia ndani ya ripoti. Tukiwajibu "bado hatujui, ngojeni kesho", tafadhali msione tumelala. Na kamati iliomba pesa ya mega kwa watu watatu, mmoja Mboko, mmoja Lulimba, mmoja Kazimia, watu wazima wanaojulikana na chama. Kazi yao ni kutoka nje, kuangalia na macho, na kutuambia. Pesa ya mwezi mzima ya wote watatu ni ndogo kuliko bei ya manjanja mawili.

Kuhusu yale manjanja. Nimeshanunua manane kwa pesa yangu, Mama amepokea, mhasibu ameandika. Yamebaki sita. Ukuta vijana wa likirimba wameinua wiki iliyopita, na kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza nitamaliza. Mama mwenyewe yuko hapa, safu ya pili. Jana nilimwuliza kama naweza kusimulia habari yake, akasema nisimulie, ila niseme kwamba mbuzi walikuwa watatu.