KLACHI HAIKATI: TUTAZAME KWANZA, TULAUMU BAADAYE

Ndugu wanaushirika, wazee wetu, akina mama na vijana,

Haya ndiyo maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa Jumamosi. Tunayabandika hapa ukutani kwa sababu wengine mlikuwa shamba, na kwa sababu yanamhusu mwenzetu tuliyemlaumu mbele ya watu. Aliyelaumiwa hadharani asafishwe hadharani.

Mnalijua gari letu, ile Land Rover Series IIA. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1961 hadi 1971, kwa hiyo gari letu ni kubwa kwa umri kuliko wengi wetu. Mwezi uliopita lilianza kugoma. Dereva akikanyaga klachi atie gia ya kwanza, giaboksi inasaga na kupiga kelele. Gia ya kurudi nyuma ndiyo haiingii kabisa. Alizeti yetu ikalala ghalani.

Sisi wa kamati tukakaa, tukasema dereva ameiua klachi kwa kupumzisha mguu juu ya pedali. Tukaandika akatwe mshahara. Fundi mmoja naye, hata bila kuinama chini ya gari, akatuambia tushushe giaboksi na kununua klachi nzima. Tulikuwa karibu kabisa kutoa fedha za mbegu.

Dereva alisema neno moja tu: "Wazee wangu, nipeni siku moja na mtu wa kunikanyagia pedali." Tukampa. Siku hiyo ndiyo tuliyojifunza haya.

INAVYOFANYA KAZI

Klachi ni sahani iliyobanwa kati ya injini na giaboksi. Ikibanwa, nguvu ya injini inapita mpaka kwenye magurudumu. Ikiachiwa, nguvu inakatika, na hapo gia hubadilika bila ugomvi.

Katika gari letu mguu hauifikii klachi kwa waya, unaifikia kwa oili. Ukikanyaga pedali, silinda ya juu, ile mafundi wanayoiita masta, inasukuma oili ndani ya bomba. Oili inafika silinda ya chini, ubavuni mwa nyumba ya klachi. Silinda hiyo inasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono, na mkono ndio unaoachisha klachi. Kwa hiyo oili ikivuja, au upepo ukiingia, mguu unakanyaga mpaka chini na klachi haina habari.

MAGONJWA MAWILI, TUSIYACHANGANYE

Injini ikinguruma sana na gari halipandi mlima, tena pananuka kama kitu kinaungua, klachi inateleza. Hapo mara nyingi sahani imekwisha au imelowa mafuta, na kushusha giaboksi ni halali.

Lakini gia zikisaga na kugoma wakati injini inawaka, na injini ikizimwa zinaingia vizuri, basi klachi haikati. Huo ni ugonjwa mwingine, na dawa yake huenda isihitaji kushusha kitu. Gari letu lilikuwa hivi.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Kabla ya yote, kaba magurudumu kwa mawe, weka gia huru, na usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake.

Kwanza, fungua kopo la oili utazame. Oili hii hailiwi kama petroli. Ikipungua, jua inavuja mahali.

Pili, fuata njia yake yote. Papasa juu ya pedali, ndani ya gari, kama pamelowa. Fuata bomba na mpira wake. Halafu funua kifuniko cha raba cha silinda ya chini. Pakilowa, raba za ndani zimechoka.

Tatu, sikiliza mguu. Pedali ikiwa laini, ukaipampu mara kadhaa ikawa ngumu, shuku upepo ndani ya bomba. Ukiikanyaga na kuishikilia, ikazama polepole na nje hakuna tone, shuku raba za masta, maana oili inarudi nyuma humo humo ndani.

Nne, na hili ndilo kubwa. Mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame fimbo ya silinda ya chini. Katika Series IIA ukiinua sakafu utaiona. Fimbo ikitoka kidogo tu, ugonjwa uko kwenye oili, raba au silinda. Ikitoka vizuri na mkono ukasogea sawasawa, lakini gia bado zinasaga, ugonjwa uko ndani ya nyumba ya klachi. Hapo ndipo mwite fundi ashushe giaboksi, si kabla.

TULICHOKIKUTA

Fimbo yetu ilisogea upana wa ukucha. Silinda ya chini ililowa. Kopo nalo lilikuwa na oili nyeusi. Dereva akachukua glasi ya maji, akatia matone machache humo. Oili ya breki huchanganyika na maji. Hii yetu ilielea juu kama mafuta ya taa. Ilikuwa na oili ya injini ndani yake.

Nani aliitia? Ndugu zetu, ni sisi. Siku dereva alipokwenda msibani, sisi wa kamati tuliona kopo limepungua. Tukasema oili ni oili, tukajaza. Oili ya injini huvimbisha raba za aina hii na kuzilainisha. Zilipotolewa zilikuwa kama mkate uliolowa chai.

Na kuna kubwa zaidi. Kwenye gari letu kopo ni moja kwa klachi na breki. Oili ile ile tuliyotia ilikuwa inaelekea kwenye raba za breki. Gari hili ndilo linalowateremsha akina mama na watoto wenu kwenda kliniki, kwenye ule mteremko wa mtoni. Klachi iligoma kwanza, ikatuonya. Breki zingegoma kwanza, leo mkutano huu ungekuwa wa matanga.

TULIVYOTENGENEZA

Tulimwaga oili yote, tukasafisha mabomba, tukabadilisha raba na mipira yote ya klachi na ya breki pia. Silinda hatukuziosha kwa petroli wala mafuta ya taa, maana navyo huharibu raba. Tulitumia spiriti na oili safi ya breki.

Kisha tukatoa upepo. Ni kazi ya watu wawili. Unachomeka kibomba cha plastiki kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake unaizamisha kwenye chupa yenye oili safi kidogo. Mwenzako anakanyaga, wewe unafungua, mapovu yanatoka, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani na kazi yote ni bure. Mnarudia mpaka mapovu yaishe, huku kopo likijazwa lisikauke. Oili iliyotoka isirudishwe kwenye kopo.

Kwa breki, kazi kama hiyo ilifanywa kila gurudumu, na gari likajaribiwa uwanjani bila abiria kabla ya kurudi barabarani. Sasa gia zinaingia kimya.

KUHUSU KUSOMA

Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni. Tulijifunza ili tusipunjwe kwenye mizani. Sasa chupa ya oili ya breki imeandikwa DOT 3 au DOT 4, maandishi makubwa kabisa. Siku ile macho tulikuwa nayo na chupa hatukuisoma. Asiyejua kusoma ana udhuru. Sisi hatukuwa nao.

Tena isomwe vizuri, maana DOT 5 ni oili ya namna nyingine, isichanganywe na hizo. Na chupa ikishafunguliwa ifungwe barabara. Oili hii hunywa unyevu wa hewani, na unyevu huleta kutu ndani ya silinda. Ndiyo maana ni vizuri kuibadilisha kila baada ya miaka miwili hivi.

TULIYOKUBALIANA

1. Mshahara wa dereva haukatwi hata senti, na ile barua imechanwa mbele ya mkutano.
2. Gharama ya raba na oili itatoka kwenye posho za kamati, si kwenye fedha za mbegu.
3. Kopo la oili litafunguliwa na dereva peke yake, na kila akiongeza ataandika kwenye daftari.
4. Gari likigoma tena, uchunguzi wa mambo manne utafanywa kwanza, ndipo kamati iitwe.

Ndugu dereva, tulikukosea. Tumelisema kwa mdomo na sasa tumeliandika.

Vijana wanaotaka kujifunza kutoa upepo wafike ghalani Jumamosi asubuhi, dereva atawaonyesha. Waje na nguo za kazi.

Katibu, kwa niaba ya kamati