Gari Linalosikilizwa

Juma hili sitagusa bei ya unga wala foleni za barabarani. Naomba radhi mapema, kwa maana nataka kuzungumza juu ya gari langu. Ama tuseme, gari lililokuwa langu.

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu wanamokaa watu. Vijana wakiliona huuliza limetengenezwa nchi gani. Wa rika langu hawaulizi. Husimama tu wakatabasamu, kwa sababu wanakumbuka Pasaka za utotoni, tulipokuwa tukikaa kando ya barabara ya vumbi kutwa nzima kungojea Safari Rally ipite. Edgar Herrmann alishinda mashindano hayo mwaka 1971 kwa gari la aina hii. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na ushindi wenyewe ulikuwa wa kukata pumzi: alimaliza akiwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström, ikabidi waamuzi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Hili langu halikushinda chochote. Lilinunuliwa jipya na mkulima mmoja wa upande wa Nanyuki, na mwaka 1981 akamwuzia mzee mmoja wa hapa Nairobi. Mimi nilibisha mlango wa mzee huyo mwaka 1998, bahasha ya pesa mfukoni. Hakutaka hata kuiona. Aliingia stoo akatoka na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mkono hivi, akawasha injini.

Naomba nieleze kidogo. Injini hiyo ni ya lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na hulishwa na kabureta mbili. Kabureta hizo zisipovuta hewa kwa kiasi kimoja, gari hutetemeka kama mgonjwa wa malaria na kunywa petroli kama halina mwenyewe.

“Kijana, weka ncha moja sikioni,” mzee akasema, “nyingine mdomoni mwa kabureta. Hii kwanza, kisha ile. Unasikia mluzi mmoja ama miwili?”

“Miwili, mzee.”

“Upi mkubwa?”

“Wa nyuma.”

Akanipa bisibisi. Tulishinda hapo hadi adhuhuri, na mluzi ulipokuwa mmoja ndipo akataja bei, tena ndogo kuliko nilivyodhani. Lakini aliongeza sharti: “Siku ukichoka nalo, mpe mtu anayesikia.” Nikaahidi. Ni rahisi kuahidi ukiwa na miaka 33 na ufunguo mkononi.

Nisikudanganye, msikilizaji, kwamba ilikuwa raha tupu. Kutu ilianza chini ya betri, ikashuka sakafuni, ikahamia juu ya magurudumu ya nyuma. Fundi wa bodi alisomesha watoto wake kwa kutu yangu. Usukani ni wa nguvu za mabega. Ukifungua madirisha, moshi wa ekzosi unazunguka nyuma na kuingia ndani, kwa hiyo mama watoto alikuwa akichagua kati ya joto na harufu. Mwaka 2011 pampu ya petroli ilikufa karibu na Mai Mahiu, tukarudi nyumbani juu ya lori la kabichi. Hakuzungumza hadi Uthiru.

Hata hivyo, Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka, ukiteremka ile barabara ya ukingo wa Bonde la Ufa, gia ya tatu, bonde lote chini yako na lile kanisa dogo la Waitaliano pale kwenye kona... Basi, tuendelee.

Mwaka jana alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo. Magari haya sasa yanasakwa, na alitaja pesa ambazo zingeezeka nyumba yetu ya Kitengela na chenji ikabaki. Likishaingia kwenye kontena limekwenda, kwani kwa kawaida sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. La kushika nafasi yake si rahisi kupatikana. Na magoti yangu hayataki tena klachi ile. Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: “Baba Wanjiru, mzee uliyemwahidi amelala kaburini. Sisi tunalala katika nyumba ya kupanga.”

Nilikosa jibu. Na hadi leo sijalipata.

Juma lililofuata nilikwenda Kirinyaga Road kutafuta plagi, nikaliacha gari likinguruma kando ya barabara. Chini ya pikapu moja palitokeza miguu miwili tu, na sauti: “Mzee, kabureta yako ya nyuma inavuta kuliko ya mbele.” Hakuwa ameliona gari. Alipotoka, nikaona ni kijana wa miaka kama 25, mafuta hadi kwenye nyusi. Nilimwuliza amejuaje. Akashangaa swali lenyewe: “Si inasikika?”

Nimemwuzia yeye. Bei ni kama theluthi moja ya ile ya mgeni, tena kwa awamu, kila mwisho wa mwezi. Awamu nne zimelipwa, ya tano imechelewa siku tisa, na jana alinipigia simu kuomba radhi, nyuma yake injini ikinguruma mluzi mmoja safi kabisa. Kipande cha mpira nilimpa bure.

Nyumba ya Kitengela bado haina paa. Mama watoto amenisemesha juzi, lakini ni juu ya chumvi tu.