Tole kwanza, plafo nyuma



Wengi mnatuuliza juu ya plafo ya jipsi. Ni kweli inapendeza, tena haishiki moto haraka kama tripleksi. Lakini jipsi inakunywa maji. Ikilowa inalegea, halafu inaanguka. Na sisi wa Kalemie, mwaka 2024 tuliona ziwa likiingia mpaka ndani ya nyumba. Kwa hiyo tusiweke jipsi ukutani karibu na chini.

Tufunge tole kwanza. Tuache mvua ipige. Kama hakuna tone linaloingia, njo tuende dukani.

Tupime mbele ya kununua: chumba cha meta 4 kwa 3 kinaomba vibao 5 vya meta 1,20 kwa 2,40. Tuangalie kona. Chenye ufa ao doa la maji, tukatae. Kibao kibebwe wima, watu wawili, na nyumbani kilazwe juu ya mbao, si chini.

Feza haitoshi? Tungoje. Bila plafo, watoto wanalala. Tole ikivuja, plafo itawaangukia.